Aliye Nyuma ya Bi Harusi

Na si kwamba hakuwaambia watu wa makumbusho. Aliwaambia, tena kwa adabu zote, mikono kaifumbata mbele kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu: "Wanangu, fremu kaeni nayo. Mbao zenu, kioo chenu, misumari yenu. Mimi namtaka aliye nyuma." Kijana wa mapokezi akamtazama, akatazama mlangoni kama anayemtafuta mlinzi, akasema, "Mama, nyuma kuna ukuta."

Nyuma kuna ukuta! Mtu mzima katoka huko mwisho wa mji, kavaa gauni lake la kutokea, kashikilia kuta kila kona kwa sababu macho yanamsaliti, halafu anaambiwa nyuma kuna ukuta. Waliokuwa kwenye foleni ya tiketi wakacheka. Acha wacheke. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi miaka yote hiyo bila kujua sura ya aliyemzaa.

Tuipange vizuri basi, maana hadithi hii imeshapindishwa mpaka sasa inasemwa eti kuna bibi mwehu anataka kuiba makumbusho.

Mtaani anaitwa Mama Pasi. Hana mtoto anayeitwa Pasi, kabla hamjauliza. Anapiga pasi. Kibarazani kwa duka lililofungwa zamani ana meza yake, juu ya meza kuna blanketi lililokunjwa, juu ya blanketi shuka nyeupe iliyokwisha kuwa rangi ya chai kwa joto. Pasi yake ni ya mkaa, ile nzito yenye jogoo mdogo wa shaba pale mbele unapofungia mfuniko. Ukimletea shati, halitazami kwanza. Analishika, analinusa, analipitisha kwenye vidole, ndipo anasema, "Hili la pamba, lako. Hili lingine la plastiki, ukinilaumu likiungua nitakulaumu ulikolinunua." Amewapigia pasi walimu, makondakta, walinzi, wachumba, na marehemu. Suti ya marehemu anaipiga polepole kuliko zote, anasema huyu hatarudi kulalamika kwa hiyo ni lazima nisimdhulumu.

Mama yake mzazi alifariki yeye angali ananyonya. Hilo ndilo la kushika. Hana kumbukumbu yake hata ya sauti. Watu wazima walikuwa wakimshika kidevu na kusema, "Mtoto huyu ni mama yake mtupu," kisha wanaendelea na safari zao, hawasemi ni wapi. Ni macho? Ni mdomo? Basi alipokuwa msichana alikuwa anasimama mbele ya kioo na kufanya hesabu ya kutoa. Anatoa pua, ile ni ya baba. Anatoa masikio, hayo nayo makubwa, ya baba. Anatoa paji la uso. Kinachobaki, anasema moyoni, hicho ndicho mama. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana.

Lakini picha ilikuwepo. Moja tu.

Baba yake alikuwa seremala, na seremala mwenyewe hasa, si hawa wa kupiga misumari na kukimbia. Alipooa mara ya kwanza alimpeleka mkewe studio, akapigwa picha kakaa kwenye kiti. Kisha baba akarudi karakanani, akatengeneza fremu kwa ajili ya picha hiyo. Akachonga maua kuzunguka mbao zote nne. Kwenye kona moja patasi iliteleza ikang'oa kipande, na badala ya kutupa mbao akalichonga lile kovu likawa nyuki. Mwanamke kwenye picha, maua pembeni, nyuki konani. Ikatundikwa sebuleni.

Halafu mwanamke akafa. Muda ukapita, baba akaoa mke wa pili, na wa pili naye akapigwa picha: shela, shada la maua mikononi, kasimama, anacheka. Picha ya harusi inataka fremu. Na hapa, jamani, ndipo mwanamume mwenye akili timamu anafanya jambo ambalo hata leo ukilisimulia watu wanashika vichwa. Hakutengeneza fremu nyingine. Alisema kazi kama ile mkono haurudii. Wala hakumtoa aliyekuwemo, moyo ulikataa. Akafungua misumari ya nyuma, akaiweka picha ya bi harusi juu ya picha ya marehemu, akafunga. Akaitundika palepale. Akamwambia mke mpya, "Nimekupa kazi yangu bora kuliko zote." Alimpa nyumba ya mtu na mwenyewe yumo ndani.

Nyumbani kila mtu alijua. Mtoto akilia usiku akimtaka mama, baba anamnyooshea kidole ukutani: "Mama yako yupo. Yuko nyuma." Kwa hiyo Mama Pasi alipotumwa kufuta vumbi, alifuta kioo, kisha akaigeuza fremu na kufuta mgongo wake pia, na mgongo aliufuta zaidi. Akamwomba baba amwonyeshe. Baba akasema, "Siku utakayoolewa nitaifungua. Utamwona, naye atakuona."

Ahadi hiyo alilala nayo, akaamka nayo, akakua nayo.

Akaolewa. Lakini aliolewa tumbo likiwa limetangulia, harusi ya haraka haraka, wageni wachache, na baba kanuna. Alipopiga goti mbele yake na kusema, "Baba, uliniahidi," mzee alitazama sakafu, akasema, "Sio leo," akatoka kwenda karakanani. Basi. Mama Pasi akaelewa alivyoelewa: nimemwaibisha, ananiadhibu. Hakuuliza tena. Baba akafa fremu haijafunguliwa. Na yeye akalibeba lile tumbo moyoni miaka na miaka, mpaka mtoto mwenyewe aliyekuwemo akawa mtu mzima akahamia mbali.

Sasa anaingia Mwenyekiti.

Mwenyekiti ni mdogo wake wa baba mmoja, mtoto wa yule bi harusi. Zamani aliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya shule fulani, kwa muhula mmoja, na tangu siku hiyo amekataa kushuka. Salamu yake yenyewe inaanza na "kimsingi". Nyumba ya baba alibaki nayo yeye, kwa kuwa ndiye wa kiume na ndiye mwenye mdomo. Wakati wa msiba dada alimwambia, "Mdogo wangu, ile fremu, kabla hujafanya lolote, tuifungue." Akajibu, "Dada, tumalize matanga kwanza." Matanga yakaisha. "Tumalize arobaini." Arobaini ikaisha. "Nipake rangi nyumba kwanza." Akapigwa kalenda mpaka siku aliyofika akakuta sebule imepakwa rangi, na pale ukutani runinga pana kama mlango.

"Fremu iko wapi?"

"Ipo salama. Mambo ya zamani unayang'ang'ania ya nini, dada? Kunywa soda."

Hakumwambia. Miaka alificha alikoipeleka, na dada akadhani imetupwa jalalani.

Habari alizipata mezani kwake. Kuna mlinzi wa makumbusho anayemletea sare kila wiki, mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alikuwa anasubiri shati, anapiga soga: "Kule kwetu chumba cha vitu vya nyumbani kuna bi harusi mmoja yuko kwenye fremu, anacheka na kila mtu. Mimi nikipita peke yangu namwamkia kabisa. Fremu yenyewe imechongwa maua, we acha. Hadi nyuki kaweka."

Mama Pasi akainua pasi. Akasahau kuiweka kwenye kigae chake. "Nyuki yuko kona gani?"

"Chini huku. Kushoto. Mama, shati langu hilo linanuka!"

Kola iliungua, ndiyo. Lakini mlinzi alimwona mama yule uso ulivyokuwa, akasema haidhuru, akalichukua shati hivyo hivyo.

Na kuna jambo lililomfanya asiweze kungoja. Macho. Daktari alikwisha kumwambia ni presha ya macho, na kwamba yaliyokwisha kupotea hayarudi, na yaliyobaki yatafuata. Ugonjwa huo hauzimi taa mara moja. Unakula pembeni kwanza. Kila mwezi dunia inazidi kusogea ndani, mpaka unabaki kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akipiga pasi anaona pua ya pasi na kipande cha kitambaa kilicho mbele yake, basi. Mkono wa kulia unafanya kazi, wa kushoto unatangulia kama mbwa wa kipofu. Kwa hiyo msimwambie mambo ya tutaangalia, tutaona, mwakani. Nyie mtaona. Yeye hapana.

Ndiyo maana akavaa gauni la kutokea akaenda, akaambiwa nyuma kuna ukuta.

Kumbe sauti ilikuwa imepanda. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mhifadhi, dada kijana mwenye glavu nyeupe mikononi na miwani kichwani. Akamfukuza yule kijana wa mapokezi kwa macho, akamvutia mama kiti.

"Mama, nani yuko nyuma?"

Akamweleza. Mhifadhi alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akampeleka chumba chenyewe, wakasimama mbele ya kabati la kioo. Yumo humo: bi harusi anacheka, maua, nyuki. Chini yake kadi imeandikwa kwamba ni zawadi ya familia, na kwamba kwenye picha ni mke wa seremala. Mke wa seremala. Mmoja.

"Nifungulie, mwanangu," Mama Pasi akasema. "Nimtazame tu, kisha ufunge. Sikai."

"Ningekuwa na uwezo ningefungua sasa hivi. Lakini aliyeitoa zawadi aliweka sharti isifunguliwe wala isibadilishwe bila sahihi yake. Tulikubali. Sikujua kwa nini analiweka."

"Nani huyo?"

Akamtajia. Na hapo Mama Pasi akacheka, kicheko kile cha mtu aliyepigwa kofi gizani na kumtambua mpigaji kwa harufu.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti. Akamkuta kakaa chini ya runinga yake, na kwenye meza ndogo kuna kipande cha gazeti kimewekwa chini ya kioo: yeye na mkurugenzi wa makumbusho, wameshika fremu huku na huku, wanaonyesha meno.

"Kimsingi, dada, ile ni mali ya taifa sasa."

"Taifa halikumzaa mama yangu. Tia sahihi, wafungue, nione, wafunge. Mbona jambo dogo?"

"Si dogo. Watu wanaingia mle, wanamwona mama. Wageni wanampiga picha. Mwanamke hakusoma, hakwenda popote, leo yuko makumbusho! Halafu wewe unataka tuwaambie alikuwa amekalishwa juu ya mtu mwingine?"

"Yeye ndiye aliyemkalia mwenzake. Sema vizuri."

"Unaona? Unaona unavyokuja na shari? Ile ndiyo picha pekee mama anayocheka. Haiguswi."

Haya, kwa hilo moja mtu unaweza kumwelewa. Kila mtoto ana mama yake. Lakini yeye wa kwake yu hai, yuko chumba cha pili, akitaka kumwona ni kusukuma mlango!

Na mlango huo ndio uliosukumwa na Mama Pasi. Mama wa kambo yuko kitandani siku hizi, miguu haimbebi, ila ulimi unabeba wote wawili. Kamtambua kwa hatua.

"Mtoto wa mwenzangu. Nimesikia unagombana na mwanangu kwa ajili yangu. Sijagombaniwa tangu ujana, endeleeni."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Kaa. Usikalie miguu yangu, hiyo haijiwezi lakini inauma. Mnataka kuifungua?"

"Nataka."

Bibi akavuta shuka. "Hutamwona."

"Kwa nini?"

"Nilimgandisha."

Akamweleza bila kupepesa, kama mtu anayeeleza jinsi alivyolitengeneza pishi lililomkubali. Alipoingia katika nyumba ile alikuwa binti mdogo. Kila Jumapili mumewe anaiteremsha fremu ukutani, anaingia nayo karakanani, anasema anakaza misumari. "Misumari gani inalegea kila Jumapili? Nikamfuata siku moja, nikachungulia. Kanitoa, kaniweka pembeni juu ya vumbi la mbao kama kifuniko cha sufuria, na yeye kamshika mwenzangu kwa mikono miwili anamtazama. Hasemi kitu. Anatazama. Mimi huku nina mimba ya huyo Mwenyekiti wenu."

"Ukafanyaje?"

"Nikakoroga uji wa ngano mzito, ule wa kubandikia matangazo. Alipokwenda kazini nikaifungua, nikapaka mgongo wangu wote, nikajibandika usoni pake. Nikaweka juu yake mawe ya kusagia mpaka pakauka. Nikafunga. Jumapili akaenda kukaza misumari. Akarudi. Akaitundika. Hakusema neno, na misumari haikulegea tena mpaka anakufa."

Mama Pasi akashika ukingo wa kitanda. "Mwaka gani huo? Nilikuwa nimeolewa?"

"Olewa wapi! Ulikuwa hujaota hata meno ya pili."

Mnaelewa alichoambiwa pale? Siku ile amepiga goti, baba akatazama sakafu akasema sio leo, mzee hakuwa anamwadhibu. Mzee alikuwa anajua hakuna cha kumwonyesha. Alishindwa kumwambia, akaona bora binti adhani amekasirika. Maisha mazima mama huyu kabeba hatia ya tumbo, kumbe ni uji wa ngano na woga wa mwanamume!

"Kwa nini hukuniambia, mama mdogo?"

"Uliniuliza? Ulikuwa unakuja hapa unafuta mgongo wa fremu, kioo unakipitishia kitambaa mara moja. Ulidhani sikuoni? Mimi pia nilikuwa ndani ya ile fremu, mama wee." Akakohoa. "Sijutii. Ningekuwa na miguu ningekoroga tena. Lakini na mimi nimechoka kulala na mtu mgongoni. Kama wanataka kumtoa, wamtoe. Wanichane. Nimeonwa vya kutosha."

"Mwanao hataki."

"Mwanangu hajawahi kuwa bi harusi."

Wiki iliyofuata alirudi makumbusho akamweleza mhifadhi habari ya uji. Mhifadhi akauma mdomo. Alisema sahihi inahitajika kwa kuibandua, lakini kuitoa fremu kwenye kabati na kuikagua ni kazi yake ya kila siku, hakuna atakayemkataza. Wakaenda nayo stoo, chumba baridi chenye rafu za chuma, kila kitu kimefungwa kwa kitambaa cheupe kama hospitali. Akailaza mezani, akaing'oa misumari kwa koleo dogo, akaondoa ubao wa mgongo. Akavitoa vile vikaratasi viwili vilivyokuwa kimoja.

"Hapa usiguse, mama. Samahani."

Mama Pasi akaificha mikono nyuma. Ina makovu ya pasi kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, na kwa mara ya kwanza akaionea haya.

Mhifadhi akaiinua picha, akawasha taa nyuma yake. Mwanga ukapenya, na sura mbili zikatokea pamoja. Bi harusi kasimama juu, anacheka. Wa nyuma alikuwa amekaa, kwa hiyo kichwa chake kimeangukia chini, palepale kifuani kwa bi harusi, palipo na lile shada. Maua yamemwingia machoni. Maua yamemjaa mdomoni. Mahali palipotakiwa kuwa na uso pana waridi na majani.

"Sogea kidogo, mama. Hapa pembeni, shada linapoishia."

Akasogea. Akakitafuta kwa lile tundu lake la ufunguo, huku na huku, kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Akakipata. Nje ya majani, peke yake, safi kabisa, sikio.

Sikio kubwa.

Akatoa mkono aliokuwa ameuficha, akashika la kwake. Akalipapasa ukingoni, chini, ndani. Miaka yote hiyo alikuwa akilitoa, akisema hili la baba. Alikaa vile muda mrefu, mkono sikioni, kama mtu anayejaribu kusikia jambo linalosemwa chumba cha pili. Mhifadhi alikuwa analia, ila kwa kuwa mkono mmoja kashika picha na mwingine taa hakuweza kujifuta.

"Sehemu iliyobaki inaweza kutoka?"

"Inaweza. Wapo mafundi wa karatasi. Wanalainisha kwa unyevunyevu kidogo kidogo, wanamnyonyoa wa mbele tabaka kwa tabaka mpaka wamfikie wa nyuma. Wa mbele hatabaki. Lakini kwanza tungempiga picha vizuri, tukatoa nakala, hata ukubwa wa mlango. Watu wangeendelea kumwona akicheka vilevile."

"Mpigie mdogo wangu."

Akampigia Mwenyekiti palepale, simu akaiweka sauti ya wazi mezani. Akamweleza yote, kwa upole: nakala itakuwa nzuri kuliko picha yenyewe, kadi itaandikwa upya, jina la mama yake litabaki, gharama ni ya makumbusho.

"Kimsingi nimekuelewa," simu ikasema. "Jibu ni hapana. Mama yangu hachanwi."

Na ndipo ikasikika sauti nyingine kutoka mbali, ya kizee, inayopasua kuta: "We! Nani kakwambia mimi sichanwi? Picha ni yangu! Uso ni wangu! Tia sahihi!"

"Mama, pumzika, hujui unachosema."

"Najua kuliko wewe! Nilipaka mwenye..."

Simu ikakatwa.

Mhifadhi akajaribu tena, haikupokelewa. Aliandika kwa mkurugenzi kwamba mwanamke aliye kwenye picha mwenyewe amekubali. Mkurugenzi akajibu kwamba aliyeweka sharti ni mwana, na zawadi ni ya mwana, na makumbusho haiwezi kuingilia ugomvi wa familia. Ugomvi wa familia! Wanawake wawili wameafikiana, mmoja chini ya mwingine, baada ya maisha mazima, na anayewazuia ni mtu mmoja mwenye kipande cha gazeti.

Fremu imerudi kabatini. Bi harusi anacheka na wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi. Mama Pasi bado yuko kibarazani, lakini nguo za rangi mbili hapokei tena, wala suti. Juzi alimkabidhi mteja suruali ya mtu mwingine na mteja akamfokea mbele za watu. Lile tundu limebaki jembamba. Mhifadhi anasema kazi ya kubandua ikianza inachukua miezi. Mnaweza kupiga hesabu wenyewe.

Basi tusizunguke. Mwenyekiti mnamjua. Mnakaa naye kwenye vikao, mnamwachia kiti cha mbele, mnampa kipaza sauti kwenye harusi za watoto wenu. Msimpe tena. Akinyoosha mkono kuwasalimia, mwekeeni kalamu. Wewe unayemtengenezea gari, wewe unayemuuzia vocha, wewe jirani wa ukuta kwa ukuta unayemsikia mama yake akipiga kelele kila jioni: gonga mlango umwambie atie sahihi. Akisema kimsingi, mwambie kalamu hii hapa. Na wewe mkurugenzi, ukikaa unasubiri ugomvi uishe, tutakuja kukupangia foleni mlangoni, na kila mmoja wetu atauliza swali moja tu: nyuma kuna nani?

Nendeni. Nendeni wiki hii.